Potifolio ya Harusi Huanzia kwa Mjomba

Mama wa bibi harusi wa kijiji cha Kilangala, mkoani Lindi, hana haja na jina la kamera yako. Atakuuliza: "Umepiga harusi ya nani?" Ukimtajia nyumba anayoijua, akawauliza wenyewe na wakakusifu, kazi umeipata hata kabla hajaona picha. Ukimtajia harusi ya Dar es Salaam ambayo hakuna mtu wa kijijini aliyehudhuria, atakusikiliza kwa adabu, atakukaribisha maji, kisha atampigia simu mtu wa Lindi mjini. Kwa hiyo anayetaka kujenga potifolio ya harusi upande huu wa Mchinga ajue kwamba anakusanya nyumba zilizomwamini, na picha ni ushahidi wake.

Mashauri mengi yanayozunguka kwenye simu yametungwa kwa miji ambako mpiga picha na mteja hawajuani. Wanakwambia ukodishe gauni, utafute msichana mwenye sura nzuri, uende ufukweni mkapige za mfano. Jaribu hilo kijijini uone. Mvishe binti wa watu shela, msimamishe kando ya kijana asiye mumewe, na kabla ya magharibi habari itakuwa imefika Mchinga kwamba fulani kaolewa kimya kimya. Utabaki na picha tano nzuri na kesi kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Anza na waliokwisha kuoana

Kila kijiji cha pwani hii kina wanandoa waliooana bila picha hata moja. Wengine walioana miaka ambayo kamera ilikuwa ya mtu mmoja tu mjini, wengine walikuwa na picha moja ikaliwa na mchwa au ikalowa kwenye mvua za masika. Hao ndio wateja wako wa kwanza, na hawatakulipa fedha. Waendee, waeleze, uwaombe wavae walichonacho: kanga mpya, dera la Idi, kanzu na kofia. Wapige wakiwa kwao, barazani au chini ya mkorosho wao wenyewe. Wasafishie picha mbili, uwape bure, na uombe ruhusa ya kubaki na nakala za kuonyesha. Simu nzuri inatosha kwa hatua hii.

Faida yake ni zaidi ya mazoezi. Mzee ambaye hajazoea kamera atakufundisha kazi ngumu kuliko zote harusini, yaani kumfanya mtu asahau kwamba anapigwa. Pia picha ile itatundikwa ukutani sebuleni, na kila mgeni atauliza nani kaipiga. Kule Mji Mkongwe wa Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Kuta za studio ile zilijaa picha za kazi zao kuanzia chini hadi juu, na mteja alijichagulia kwa kutazama ukuta. Wewe huna studio. Kuta zako ni za watu, na zinatazamwa kila siku.

Hatua ya pili ni kuwa msaidizi. Tafuta mpiga picha mwenye jina Lindi au Mtwara, umbebee taa, umshikie betri, umsaidie kupanga ndugu wakati wa picha za pamoja. Lakini kabla hujapanda basi, malizeni suala la picha utakazopiga wewe: ni zako kuonyesha, au ni zake? Wapiga picha wengi wakubwa hawapendi kuona kazi ya harusi waliyolipwa wao ikizunguka kwa jina la msaidizi, na wana haki. Akikubali, iandike hata kwa ujumbe wa simu, na kila utakapoionyesha useme ulikuwa msaidizi wa fulani. Ukweli huo haukupunguzii kitu. Huku watu wanajua nani alikuwa na kamera kubwa na nani alikuwa ameshika taa.

Ruhusa kabla ya kamera

Hapa ndipo wapiga picha vijana wanapoharibikiwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwa Wamwera na Wamakonde, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa katika ndoa ya mpwa wake. Unaweza kukubaliana na bwana harusi, ukapokea advansi kwa simu, na siku ya shughuli mjomba wa bibi harusi akasema hataki kuona kamera ndani ya nyumba. Hutapiga. Basi nenda mapema, siku ambayo watu wana nafasi, na uende kwa adabu zake. "Shikamoo mjomba. Mimi ndiye nitakayepiga picha shughuli ya mpwa wako. Nimekuja unielekeze: wapi niingie, na wapi nisiingie." Mzee aliyeulizwa swali hilo huwa mlinzi wako siku nzima. Atawafukuza watoto mbele ya lenzi kabla hujamwomba.

Unyago na mambo ya kungwi hayapigwi, wala usiulize kama yanaweza kupigwa. Chumba cha kupaka hina, singo na mkesha wa wanawake ni jambo jingine: hupigwa mara nyingi, lakini hupigwa na mwanamke, na picha zake hukaa kwa wenyewe. Heike Behrend, mwanaanthropolojia wa Ujerumani, katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu upigaji picha wa pwani ya Afrika Mashariki, ameeleza kwa kirefu jinsi wanawake wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walivyowekeana mipaka na kamera, hasa katika harusi. Anayejua Kilwa na Lindi hatashangaa. Mwanamke anayejifunua nywele na mabega mbele ya shoga zake hakujifunua kwa kijiji, sembuse kwa dunia nzima.

Kama wewe ni mwanamume, tafuta mwenzako mwanamke mfanye kazi pamoja, mgawane fedha kwa haki na majina yenu yakae pamoja. Kama wewe ni mwanamke, jua kwamba una mlango ambao wapiga picha wengi wa mkoa huu hawana, na ujitangaze hivyo. Nasema bila kusita kwamba mwanamke mwenye kamera ya kawaida na mdomo usiotoa siri ana soko kubwa zaidi pwani hii kuliko mwanamume mwenye droni. (Na hiyo droni hairuki kihalali bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Wengi hulisahau hilo mpaka polisi wafike.)

Ruhusa iandikwe. Karatasi moja, Kiswahili chepesi, isomwe kwa sauti kwa asiyesoma. Iwe na ngazi tatu, na kila mmoja kati ya bibi na bwana achague yake: picha zikae kwenye albamu ya nyumbani tu, au ziweze kuonyeshwa kwa mkono kwa wateja wengine, au ziweze kuwekwa mtandaoni. Wakitofautiana, fuata aliye mkali zaidi. Karatasi itiwe sahihi siku ya advansi, wakati akili zimetulia, si usiku wa harusi ambapo kila mtu anaitikia ndiyo ili umwache ale. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Picha ya uso wa mtu ni taarifa yake. Usingoje kufundishwa sheria hiyo na wakili wa mteja.

Watu hubadilika pia. Ndoa huvunjika, mtu huoa mke wa pili, mwingine huamua kujisitiri zaidi kuliko zamani. Mtu akikuambia uondoe picha yake, iondoe siku hiyo hiyo, bila kumuuliza sababu. Nimeona albamu ya kazi ikifunguliwa mbele ya bibi harusi mtarajiwa, na picha ya kwanza ni ya mchumba wake akiwa na mke aliyemwacha. Kazi ile haikupatikana.

Harusi moja kamili

Potifolio ya mwanzo haihitaji harusi nyingi. Inahitaji moja iliyokamilika, kuanzia moshi wa jikoni hadi gari la kumchukua bibi harusi, katika picha 25 au 30. Mteja anayelipa anaogopa jambo moja: kwamba kitu muhimu kitatokea na wewe hutakuwepo, au utakuwepo na kiza kikushinde. Nyuso 20 nzuri kutoka harusi 20 hazimtoi hofu hiyo. Harusi moja yenye mwanzo na mwisho inamtoa.

Katika ndoa ya Kiislamu, picha isiyosamehewa ikikosekana ni ya mikono. Walii, au shehe aliyepewa uwakala, na bwana harusi wameshikana mikono huku maneno ya kuoza na kukubali yakitamkwa. Ni dakika chache, watu wamebanana mkekani, na kila mwenye simu ananyanyua mkono. Ongea na shehe mapema ujue atakaa wapi, kaa chini usawa wao, upande ambao unaona mikono na uso wa bwana harusi kwa pamoja. Zima sauti ya kamera, usitumie flashi. Bibi harusi mara nyingi hayupo hapo, kwa hiyo picha ya wawili inakuja baadaye: bwana harusi anapopelekwa ndani, wanawake wanapomzuia mlangoni mpaka atoe fedha, kisha anapomwekea mkewe mkono kwenye paji la uso na kumwombea dua. Pale mlangoni ndipo kicheko kilipo. Mpiga picha aliyetangulia ndani mapema, au aliyemtanguliza mwenzake mwanamke, huipata. Aliyebaki na waandamanaji nje hupata visogo.

Kwa harusi ya kanisani, muulize padri au mchungaji mahali pa kusimama na wakati wa kutulia. Wengi hawataki mtu atembee karibu na altare wakati wa viapo. Mengine ni yale yale.

Kisha piga yale ambayo wenye shughuli hawakuyaona kwa sababu walikuwa na shughuli. Wanawake wakikuna nazi alfajiri, masufuria ya ubwabwa juu ya mafiga, kijana aliyepanda mti kufunga turubai, kina bibi wamekaa kwenye mkeka mmoja na kanga za sare, mzee wa kamati na daftari lake la michango. Mwaka utakapopita, hizo ndizo zitakazotazamwa zaidi, maana ndani yake mna watu ambao huenda hawatakuwepo kwenye harusi ijayo. Bibi akifariki, familia itakuja kwako kuomba picha yake.

Jua la Lindi na rangi za turubai

Pwani yetu inatazama mashariki. Jua linachomoza baharini na kuzama nyuma ya minazi na mikorosho, bara. Zile picha za maharusi mbele ya jua jekundu linalozama majini ni za Mji Mkongwe, unaotazama magharibi. Huku, jioni, ukiwasimamisha maharusi bahari ikiwa nyuma yao, jua linawaangaza usoni, mwanga laini wa dhahabu, na bahari inabaki na rangi yake. Ukitaka jua liwe nyuma yao, wageuze walipe bara kisogo. Anayetaka jua juu ya maji aamke alfajiri, na ni maharusi wachache wanaoamka alfajiri.

Mwezi Juni jua linazama saa 12 na dakika chache. Desemba linasogea hadi karibu saa 12 na dakika 40. Muda mzuri ni kuanzia saa 10 na nusu, basi waambie kamati wasiweke chakula saa hiyo.

Saa 6 mchana ni balaa, na ubaya wake una tarehe. Katika wiki ya tatu ya Oktoba, na tena katika wiki ya nne ya Februari, jua la adhuhuri linapita juu ya utosi kabisa huku Lindi. Macho yanazama kwenye vivuli, kofia inaweka giza hadi puani. Bahati mbaya Oktoba ndipo minada ya korosho inapofunguliwa na fedha za harusi zinapoanza kuonekana. Usipigane na jua hilo. Waweke watu chini ya mwembe, karibu na ukingo wa kivuli, nyuso zikitazama nje kwenye mwanga. Ukuta mweupe ulio mkabala nao utawarudishia mwanga usoni bila gharama.

Turubai nalo lina hila zake. Turubai la buluu humfanya mtu aonekane kama maiti, la kijani kama mgonjwa, la chungwa ni afadhali kidogo. Wapigie ukingoni, ambako mwanga wa nje unaingia kwa pembeni, au omba kamati wakodi turubai jeupe. Ombi hilo ni dogo, na watu wa viti na maturubai hawatozi zaidi kwa rangi.

Kanzu nyeupe na shela huidanganya kamera. Ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga, na nyuso zetu zinageuka kiza. Tumia kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ongeza nusu hadi moja, kisha tazama kama nyuzi za kanzu bado zinaonekana. Zikipotea, rudisha kidogo. Uso uwe wa kwanza siku zote.

Nina neno moja juu ya kompyuta: usimchubue mtu. Programu za simu siku hizi zinamng'arisha bibi harusi mpaka shangazi yake hamtambui. Potifolio yenye watu wa Lindi waliogeuzwa kuwa weupe inamwambia mteja kwamba hujui kupiga ngozi nyeusi, na kweli hujui. Ondoa chunusi ya siku hiyo, acha rangi ya Mungu.

Usiku nao lazima uonekane kwenye albamu yako. Muziki unapigwa chini ya balbu mbili na jenereta, wanawake wanatunzana noti, vumbi linapanda. Elekeza flashi kwenye ukuta mweupe au dari jeupe badala ya usoni, na ujifunze kutulia mpaka mchezaji ageuke upande wa balbu. Potifolio yenye picha za mchana tupu humfanya mteja ajiulize ulikwenda wapi baada ya magharibi.

Kuonyesha na kutunza

Safisha albamu ya karatasi. Kwenye simu picha zako hutazamwa sekunde moja kati ya ujumbe na ujumbe, na bando likiisha hazitazamwi kabisa. Albamu inawekwa mapajani, inapita kwa mama, shangazi na somo, na mjadala unafanyika papo hapo. Weka humo harusi moja kamili, kisha picha chache za wale wanandoa wazee. Za mtandaoni ziwe chache zaidi, za wenye ruhusa ya ngazi ya tatu peke yake, na jina lako na namba ya simu viwe vidogo pembeni, si katikati ya uso wa mtu. Ukimtumia mteja picha kwa WhatsApp, zitume kama faili zisipungue ubora.

Albamu hiyo usiikalie nyumbani. Wanaojua harusi kabla ya watu wengine ni fundi cherehani anayeshona sare, mpambaji wa maharusi, mwenye viti na maturubai, na MC. Watembelee wao kwanza, uwaachie picha kadhaa zilizosafishwa za kazi yao wenyewe: gauni alilolishona yule, hina aliyoipaka huyu, turubai lake likiwa limejaa watu. Picha hizo zitawauzia wao, na zitakuuzia wewe. Hapa napo chagua zile ambazo wenye harusi wamezikubalia.

Pangilia mwaka wako kwa mazao na mwezi mwandamo. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, korosho kuanzia Oktoba, na ndoa hufuata fedha. Ramadhani hakuna harusi, lakini Shaabani kabla yake na Shawwal baada yake shughuli hubanana, na kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, kalenda ya mwaka jana haikufai.

Picha ziwe sehemu mbili usiku ule ule, kabla hujalala: kwenye kompyuta, na kwenye diski nyingine isiyokaa nyumba moja na kompyuta hiyo. Unyevu wa hewa ya pwani huotesha ukungu kwenye lenzi, hivyo vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya visitupwe, vikae ndani ya mkoba wa kamera. Kama unasafishia Dar es Salaam, mwahidi mteja tarehe yenye nafasi. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, na mizigo ya kila aina ikakwama. Kuna studio za kusafisha picha Lindi na Mtwara. Bei yao inaweza kuwa juu kidogo, lakini unaifuata kazi yako mwenyewe na kurudi nayo siku hiyo.

Ikiwa tayari una harusi moja kamili yenye ruhusa, usingoje ya pili. Isafishe, uibebe kwa mpambaji wa maharusi na kwa fundi cherehani wiki hii, kabla minada ya Oktoba haijaanza na kamati hazijachagua mtu.